Amplifaya ya Sikio Moja

Asubuhi ile niliweka simu kwenye sikio la kulia kama nilivyozoea, nikadhani mtandao umepotea. Niliita haloo mara tatu. Nilipoihamishia mkono wa kushoto ili nifunge mlango, ikapita karibu na sikio la pili, nikamsikia bosi wangu akilalamika kwamba yeye ananisikia vizuri, mbona mimi simjibu.

Nilifikiri ni nta. Nilitia mafuta ya uvuguvugu kila jioni, nikalala kwa ubavu, nikangoja. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, natayarisha hati za malori yanayovuka kwenda Uganda na kwingineko, na wakati huo malori yalikuwa yamejipanga hadi nje ya mji. Mwezi mmoja ukapita, na siku kadhaa juu yake. Daktari wa masikio aliponipima kwa mashine yake aliniambia si nta, ni mshipa wa fahamu. Akauliza kwa upole kwa nini nimekawia hivyo.

“Likishikwa wiki ya kwanza, wakati mwingine linarudi,” alisema.

“Nilikuwa na kazi,” nikamjibu. Aliandika kitu kwenye faili.

Sikumwambia mtu yeyote. Miaka miwili kabla ya hapo mume wangu alikuwa amehamia Eldoret, ambako kumbe alikuwa na nyumba nyingine na watoto wawili, na mtaa mzima ulinionea huruma mpaka nikachoka. Wanawake walikuwa wakinipunguzia sauti nikipita, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Huruma ile ilikuwa imeanza kwisha, na mimi sikutaka kuwapa sababu nyingine.

Kwa hiyo watu wakaanza kusema nina maringo. Mtu akinisalimu upande wa kulia nilipita tu. Dereva akiegemea dirisha la ofisi kutoka upande ule, nilikuwa naendelea kupiga chapa kama hayupo. Kanisani nilikuwa nikiimba sauti ya pili kwenye kwaya, na wenzangu wa sauti hiyo walisimama kuliani kwangu. Jumapili tatu nilijaribu kuwafuata kwa kuwaangalia midomo. Jumapili ya nne nikamwambia mwalimu wa kwaya kwamba kazi imenizidi. Wanawake wawili walikuja nyumbani mara moja kuniuliza kama kuna aliyenikosea. Nikawapa chai, nikasema hakuna. Hawakuja tena.

Kilichobaki kilikuwa muziki. Nina spika mbili kubwa za mbao nilizonunua zamani kwa familia ya wageni waliokuwa wakihama Butula. Nilizinunua kwa mshahara wangu, na mume wangu alicheka aliponiona nazifuta vumbi kama mtoto mchanga. Baadaye akazipenda, akaleta amplifaya yake, na kwa miaka mingi Jumapili mchana nyumba yetu ilikuwa ya rumba za zamani. Alipoondoka alichukua amplifaya kwa sababu ilikuwa yake. Spika hakuzigusa. Nikaziunganisha na kimashine cha kuchezea DVD kilichokuwa na nguvu kidogo tu, zikawa zinatoa sauti nyembamba, lakini zilitoa.

Jirani yangu ana mtoto mdogo, na ukuta wetu ni wa matofali yasiyopigwa plasta, kwa hiyo mara nyingi nilivaa hedifoni. Siku moja baada ya kutoka kwa daktari niliweka rumba ninayoijua mwanzo hadi mwisho, na gitaa la pili halikuwepo. Simaanishi kwamba lilikuwa chini. Halikuwepo kabisa. Wale mafundi wa zamani walipenda kuweka gitaa moja kushoto na jingine kulia, ili yajibizane. Lile la kushoto lilikuwa linauliza na kunyamaza, linauliza na kunyamaza, na hakuna aliyejibu. Niligeuza hedifoni, ya kulia nikaiweka kushoto. Gitaa la pili likarudi, la kwanza likaenda. Nilizivua, nikaziweka mezani, nikakaa nikiziangalia.

Ndipo nilipoamua kununua amplifaya ya kweli. Akili yangu iliniambia kwamba tatizo ni nguvu. Nikipata mashine yenye wati nyingi, nikaifungulia spika ya kulia zaidi, sauti itazunguka kichwa na kufika. Nilianza kuweka akiba na kuangalia mashine kwenye simu mpaka nikajua maneno ambayo sikuwahi kuyahitaji maishani.

Nilianzia Busia, kwenye duka moja la vifaa vya umeme barabara kuu. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, shati limepigwa pasi.

“Karibu mama. Mzee wako anapenda beisi ama anapenda sauti ya juu?”

“Ni yangu mimi.”

“Ah, sawa, ya mama!” Akaniwashia kitu kilichojaa taa zinazobadilika rangi, buluu, nyekundu, kijani. Kilikuwa na rimoti, kilikuwa na blututhi, kilikuwa na mahali pa kuchomeka maikrofoni mbili. Beisi ilinipiga kifuani. Nilimwuliza kama kuna ya kusikiliza tu, isiyo na taa. Alizunguka akaja upande wangu wa kulia na akaanza kunieleza kitu, na mimi nikaendelea kuangalia taa. Nadhani aliuliza swali. Nadhani aliliuliza mara mbili. Nilipogeuka nilimkuta anamwambia mteja mwingine, akicheka, “Huyu mama ananiringia bure, na ni mimi nauza.”

Ningeweza kumweleza. Maneno yalikuwa matatu au manne tu. Nilisema asante, nikatoka, nikasimama kando ya barabara nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Aliyenielekeza kwa fundi ni dada tunayefanya naye kazi ofisini. Alijua natafuta redio, kama alivyoiita, akasema kuna Mganda nyuma ya soko la Busia anayetengeneza vyombo vya makanisa na kuuza mashine za mitumba. “Haongei sana,” alisema, “lakini vyombo vyake haviharibiki.”

Nilimpata kwenye kibanda cha mabati kinachonuka risasi ya kulehemu. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa akivuka kila asubuhi kutoka upande wao na kurudi jioni. Nilimweleza ninachotaka, yeye akaendelea kulehemu mpaka nikamaliza.

“Nnyabo, spika zako nyuma zimeandikwa nini?” aliuliza. Nnyabo ndivyo wanavyomwita mama kwao.

Sikujua.

“Enda uangalie. Kuna namba na alama ya ohm, kama kiatu cha farasi. Bila hiyo namba mimi nitakuuzia bahati nasibu.”

Nikarudi Malaba mikono mitupu, nikavuta spika kutoka ukutani, nikapata namba nane na ile alama. Jumamosi iliyofuata nikarudi na karatasi niliyoiandika na sidii yangu moja. Alisoma karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashusha mashine tatu kutoka rafuni.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, uso wake una vioo viwili vyenye mishale inayoruka na muziki. Niliipenda kabla haijawashwa. Ya pili ilikuwa nyeusi na nyembamba, ina kitasa kimoja tu cha sauti. “Hii ni ya wale wasiopenda kushikashika,” alisema. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya fedha, imekwaruzwa pembeni, ina vitasa na vitufe vingi mpaka inafanana na dashibodi ya lori. Aliipita haraka. “Hii ni ya Japani. Umeme wao ni mdogo. Ukiichomeka ukutani hivi hivi, unaizika. Lazima iwe na transfoma yake.”

Alianza na ile yenye mishale. Aliniketisha kwenye stuli katikati ya spika zake mbili, akaweka sidii yangu, akasimama kuliani kwangu mikono nyuma. Sauti ilikuwa nzito na safi. Nilifumba macho nikalitafuta gitaa la pili. Lilikuwa huko mbali, kama mtu anayepiga akiwa nyumba ya jirani. Nikasogeza kichwa. Nikageuza uso kidogo kulia ili sikio zima litangulie mbele, likaja kidogo, la kwanza likafifia. Akabadilisha akaweka ile nyeusi. Nikafanya vilevile.

Nilipofumbua macho fundi hakuwa kuliani tena. Alikuwa amezunguka nyuma ya stuli bila kelele akasimama kushotoni kwangu, na aliinama kidogo.

“Tangu lini?” akauliza.

Nilijua anauliza nini. Nilitaka kusema sielewi. Badala yake nikasema, “Mwaka sasa. Mwaka na kidogo.”

“Lote?”

“Lote.”

“Bambi,” alisema. Hilo ni neno lao la pole. Hakuongeza kitu, na mimi nilishukuru hakuongeza. Nilimwuliza alijuaje.

“Wewe hausikilizi na masikio, unasikiliza na shingo. Mimi nauza hivi vitu, lazima niangalie kichwa cha mteja kinaenda wapi.”

Ukiondoa daktari, alikuwa mtu wa kwanza kujua, na sikumjua hata jina. Macho yalinijaa, nikajikuta naangalia dari ya mabati. Yeye akaniacha, akaenda kuifuta vumbi ile mashine ya fedha ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka. Akaichomeka kwenye transfoma, kisanduku cha chuma kizito kinachonguruma kidogo. Tulingoja. Ndani mkasikika mlio mdogo, klik, na spika zikafunguka.

“Hizi za kisasa hawaweki tena,” alisema, akagusa kitufe kimoja kidogo chini ya kitasa cha sauti. “Wanadhani kila mtu ako na mawili. Hiki kinakusanya kushoto na kulia, kinamwaga kila kitu kote. Inaitwa mono. Sasa sikiliza.”

Akabonyeza. Gitaa la pili likaingia. Halikuja kutoka mbali, lilikuja pale pale, bega kwa bega na la kwanza. Lile la kwanza likauliza, hili likajibu. Nilisikiliza wimbo mzima. Ulipokwisha nikamwomba aurudishe, akaurudisha, akakaa na yeye kwenye kreti ya soda akasikiliza.

Sitadanganya, si sauti ileile. Zamani, nikikaa katikati ya zile spika, wanamuziki walikuwa wametawanyika chumba kizima, mmoja karibu na dirisha, mwingine karibu na mlango, na mwimbaji mbele yangu. Sasa wote walikuwa wamesimama mahali pamoja, wamebanana kama watu kwenye picha ya pasipoti. Nilimwambia hivyo fundi.

“Ndiyo,” alisema. “Chumba hakirudi. Watu wanarudi.”

Aliniuliza tena kama sitaki ile yenye mishale, maana aliona nilivyoiangalia. Niliitaka. Mpaka leo nikiiona picha ya mashine ya namna ile huwa nasimama. Lakini haikuwa na kile kitufe, na ile nyeusi haikuwa na chochote. Nikalipa. Akanyunyizia dawa kwenye kitasa cha sauti kilichokuwa kinakwaruza, akafunga kila kitu kwenye gunia na katoni, akaandika kwa kalamu nene juu ya katoni: KWANZA TRANSFOMA. Nilikodi gari dogo hadi Malaba, mashine nimeipakata kwa sababu sikuamini barabara.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walipokuwa kanisani mimi nilikuwa nimepiga magoti nikikaza nyaya. Niliwasha transfoma kwanza, kisha mashine, nikangoja ule mlio. Jirani na mtoto wake walikuwa wametoka, kwa hiyo niliweka sauti jinsi nilivyotaka. Nilisikiliza sidii nne mfululizo. Kila wimbo ulikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau, mara kayamba, mara mtu anayecheka nyuma ya mwimbaji. Nilikuwa nageuka kumwambia mtu, “Umesikia hapo?” Niligeuka hivyo mara mbili au tatu. Kiti cha pili kilikuwa na nguo nilizoanua.

Niliizima mashine. Furaha ilikuwepo, lakini haikuwa na pa kwenda. Namba ya fundi sikuwa nayo. Nikampigia mdogo wangu, anayeishi Butula na mumewe na watoto. Tulikuwa hatujaongea vizuri karibu mwaka mzima. Alikuwa amepoa kwangu, nami sikujua kwa nini, nikahesabu kwamba na yeye amechoka na matatizo yangu. Nilipanga kumwambia nimenunua mashine. Nilichosema ni kwamba sikio langu la kulia halisikii.



“La kulia?” akasema. “Tangu lini?”

Nikamwambia.

“Kwa hiyo siku ya misa ya mama, ya kumbukumbu, ulikuwa tayari husikii?”

“Nilikuwa sisikii.”

“Nilikaa kuliani kwako, dada.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Nilikuambia kitu. Nilikushika mkono nikakuambia kitu, ukaangalia mbele tu. Nikasema basi, amekataa.”

Nilikumbuka mkono. Nilidhani ananishika kwa ajili ya mama.

“Uliniambia nini?”

“Siwezi kwa simu.”

Jumamosi nikaenda Butula. Alinipokea langoni, akanizunguka akaja kushoto, na tulipoingia ndani alivuta kiti akakiweka upande huohuo. Aliwatuma watoto wote nje. Akaniambia kwamba alijua habari za Eldoret miezi mingi kabla yangu. Shemeji yake aliwaona, mume wangu na yule mwanamke na watoto, akamweleza. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kuwa yeye ndiye aliyevunja nyumba yangu. Kila nilipompigia simu kumweleza kwamba mzee anarudi kazini mapema siku hizi, kwamba safari zimezidi, yeye alikuwa anajua na anajibu, “Vumilia.” Habari hiyo yote ndiyo aliyoniambia kanisani, na aliniomba nimsamehe.

Nilimwangalia mikono, ilikuwa na majivu ya jikoni. Alikuwa amebeba jambo hilo mwaka mzima, akidhani nimelisikia na kulikataa, huku mimi nikibeba ukimya wake nikidhani amenichoka.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini siku ile kanisani kama ningesikia. Ningependa kuandika kwamba ningemkumbatia. Ukweli ni kwamba pengine ningeangalia mbele vilevile. Hata pale sebuleni kwake, baada ya kusafiri kwenda kusikia, ilinichoma kana kwamba mambo yametokea asubuhi hiyo. Niliwaza zile simu zote, na neno lile moja, vumilia. Nilimwambia, “Nimesikia.” Ndilo neno nililoweza. Alilia. Mimi sikulia. Tulikula samaki aliokuwa ameagiza kutoka Port Victoria kwa ajili yangu, akanitolea miiba kwenye sehemu ya tumbo kama mama alivyokuwa akinifanyia, nami nikala yote.

Kusamehe kulikuja polepole, bila siku maalumu. Siku moja aliponipigia kuniambia mahindi yameingia viwavi nikagundua kwamba nimeongea naye nusu saa bila kukumbuka Eldoret. Sasa ananipigia Jumapili mchana, na nikimwambia ngoja nipunguze muziki hunijibu, “Uache, na mimi nasikia.” Hajaja Malaba bado. Kuna shamba, kuna watoto, kuna mkwe mgonjwa. Simlaumu.

Yule dada wa ofisini nilimwambia pia, baada ya hapo. Alishangaa, akaomba msamaha kwa mambo ambayo hata sikujua aliyasema, kisha akahamishia meza yake kushotoni kwangu. Madereva wengine wamejua, wengine bado wanasema naringa. Kwaya sikurudi. Mwalimu mpya hanijui, na wale wanawake wawili tukikutana tunasalimiana vizuri na kupita.

Mwishoni mwa mwaka nilipita nyuma ya soko la Busia nikiwa na shughuli nyingine. Kibanda kilikuwa kinauza viatu vya mtumba. Mama mwenye viatu alisema mzee alirudi kwao upande wa Tororo, miguu ilikuwa inamsumbua na kuvuka kila siku kumemshinda. Nilitaka kumwachia salamu, lakini yeye hakumjua vizuri, na mimi sikujua nimwite nani. Nikanunua jozi ya ndara nikaenda zangu.